Uteuzi wa Mipangilio ya Modeli katika Uchanganuzi wa Miunganiko ya Ubongo

Utangulizi

Watafiti wawili wanaweza kukabidhiwa picha zilezile za ubongo, za watu walewale, na bado wakatoa matokeo yanayokinzana pasipo hata mmoja wao kudanganya wala kukosea hesabu. Tofauti yao aghalabu hutokana na mambo ambayo msomaji wa ripoti zao hayaoni, yaani mipangilio waliyoiteua kabla ya tarakilishi kuanza kazi. Mmoja ameondoa wastani wa ishara ya ubongo mzima, mwenzake ameuacha. Mmoja ameugawa ubongo katika sehemu 90, mwenzake katika sehemu 360. Kila uteuzi una hoja za kuutetea, na kila uteuzi una uwezo wa kulibadilisha jibu.

Makala haya yananuia kufafanua baadhi ya teuzi hizo na kuonyesha kwamba kila mpangilio ni dai kuhusu jinsi ubongo unavyofanya kazi, hata pale programu inapouwasilisha kama kisanduku cha kutiwa alama tu. Jambo lenyewe si geni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Mhariri wa muswada wa utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu hukuta herufi moja, ba, ikisimamia sauti b na p, na mara nyingine mb na mp pia. Hana budi kuamua neno ni lipi. Uamuzi huo ukishachapishwa kwa hati za Kirumi, msomaji hauoni tena; huona neno tu, akadhani ndivyo lilivyokuwa tangu awali.

Ishara Inayopimwa

Mashine ya MRI haioni fikra, wala haioni seli za neva zikiwasiliana. Mwaka 1990, Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kwamba damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa na oksijeni huathiri uga wa sumaku kwa namna tofauti. Sehemu ya ubongo inapofanya kazi, damu yenye oksijeni huongezeka hapo na ishara hupanda. Hata hivyo, hupanda kwa kuchelewa. Seli za neva huwasiliana kwa vipindi vinavyohesabiwa kwa sehemu za elfu za sekunde, ilhali ishara ya damu hufikia kilele baada ya sekunde tano au sita hivi. Mtafiti basi yu katika hali ya mtu anayekisia kinachopikwa jikoni kwa kutazama moshi unaotoka paani.

Mwaka 1995, Bharat Biswal na wenzake waliwapiga picha watu waliotulia tuli ndani ya mashine bila kupewa kazi yoyote. Waligundua kwamba maeneo ya upande wa kushoto na wa kulia yanayosimamia mwendo wa viungo yalikuwa yakipanda na kushuka kwa pamoja. Uvumbuzi huo ndio uliozaa utanzu mzima wa uchunguzi wa miunganiko ya ubongo uliotulia.

Neno muunganiko, hata hivyo, lina maana mbili ambazo Karl Friston alizitenganisha mapema, mwaka 1994. Muunganiko wa kiuamilifu ni uwiano wa kitakwimu tu: ishara mbili zinakwenda sambamba. Muunganiko wa kiathari ni jinsi sehemu moja inavyoiathiri nyingine. Madau mawili yaliyotia nanga bandarini Lamu hupanda pamoja maji yakijaa na kushuka pamoja maji yakipwa. Uwiano wao ni kamili, lakini hakuna kamba inayoyafunga na hakuna dau linalolivuta jingine. Mtafiti sharti aamue kwanza anauliza swali lipi kati ya hayo mawili. Huu ndio uteuzi mkubwa kuliko zote, na inasikitisha kwamba mara nyingi huamuliwa na programu iliyopo maabarani badala ya swali la utafiti.

Yanayotangulia Modeli

Kabla ya modeli yoyote kuundwa, data husafishwa, na usafishaji wenyewe umejaa teuzi. Mfano ulio mzito zaidi ni ule wa mtikisiko wa kichwa.

Mwaka 2012, makundi matatu ya watafiti, la Jonathan Power, la Koene Van Dijk na la Theodore Satterthwaite, yalichapisha matokeo yaliyoelekea upande mmoja. Mtikisiko mdogo sana wa kichwa, hata ule usiofika milimita moja, hudhoofisha uwiano baina ya maeneo yaliyo mbali na kuimarisha uwiano baina ya maeneo yaliyo karibu. Ajabu ni kwamba picha hiyo ilikuwa tayari inajulikana kwa jina jingine. Kwa miaka kadhaa, tafiti zilikuwa zimeeleza kwamba ubongo wa mtoto una miunganiko mingi ya karibu, na kwamba kadiri anavyokua ndivyo miunganiko ya mbali inavyoimarika. Maadamu watoto hutikisika ndani ya mashine kuliko watu wazima, sehemu ya tofauti iliyohesabiwa kuwa ukuaji ilikuwa kutotulia tu. Haikumaanisha kwamba ubongo wa mtoto haukui. Ilimaanisha kwamba kiasi cha ukuaji huo kilikuwa kimekadiriwa kwa kupimia kisicholingana.

Uzito wa jambo hili hauishii maabarani. Watu wenye maradhi mengi ya akili na ya neva hutikisika zaidi ya watu wenye afya wanaolinganishwa nao. Mzazi anayeambiwa kwamba ubongo wa mwanawe umeunganika vibaya anastahili kujua iwapo kilichopimwa ni ubongo au ni shingo.

Dawa mojawapo iliyopendekezwa ni kuzitupa picha zilizochukuliwa wakati kichwa kilipotikisika. Lakini mtikisiko wa kiasi gani? Kundi la Power lilianza na mpaka wa nusu milimita. Baadaye wengi, wao wakiwamo, walishuka hadi 0.2 ya milimita. Mpaka ukilegezwa, mtikisiko hubaki ukijifanya muunganiko. Ukikazwa, data hupungua, na wanaoondolewa kabisa katika utafiti huwa ni wale watoto wasiotulia, ambao pengine ndio waliokusudiwa kuchunguzwa. Hakuna mpaka usiokuwa na gharama.

Suala la pili ni la wastani wa ishara ya ubongo mzima. Mwaka 2005, Michael Fox na wenzake walieleza kwamba kuna mitandao miwili ya ubongo inayopingana, mmoja ukipanda mwingine hushuka. Katika uchanganuzi huo, wastani wa ishara ya ubongo mzima ulikuwa umeondolewa kwanza. Mwaka 2009, Kevin Murphy na wenzake wakaonyesha kihisabati kwamba hatua hiyo peke yake hulazimisha uwiano hasi kutokea. Si vigumu kuona ni kwa nini. Wanafunzi 30 wakifanya mtihani na wote wakafaulu, kisha mwalimu akatoa wastani wa darasa katika alama ya kila mmoja, watakuwapo watakaobaki chini ya sifuri. Alama zao hasi hazisemi kwamba walianguka. Zinasema kwamba walikuwa chini ya wenzao.

Kwa upande mwingine, kuuondoa wastani huo husaidia sana kufuta athari za pumzi na za mtikisiko. Mjadala uliendelea kwa miaka, hata mwaka 2017 Murphy na Fox wakaandika makala pamoja, wakikubaliana kwamba hakuna njia moja iliyo sahihi kwa kila hali na kwamba kila njia hufunua upande wake. Ni nadra kwa mahasimu wa kitaaluma kukaa meza moja namna hiyo.

Kuhusu ugawaji wa ubongo katika maeneo, itoshe kusema kwamba ramani ya Korbinian Brodmann ya mwaka 1909 ingali inatajwa, na kwamba kundi la Matthew Glasser lilitoa mwaka 2016 ramani yenye maeneo 180 katika kila nusu ya gamba la ubongo. Anayechora mpaka vibaya huchanganya ishara za maeneo mawili kuwa moja, na hakuna modeli itakayozitenganisha baadaye.

Modeli za Usababishi Badilifu

Kwa anayetaka kuchunguza muunganiko wa kiathari, njia mojawapo iliyoenea ni ile iliyotolewa mwaka 2003 na Karl Friston, Lee Harrison na Will Penny, inayoweza kuitwa kwa Kiswahili modeli za usababishi badilifu. Mtafiti huteua maeneo machache, akabuni jinsi yanavyoathiriana kwa milinganyo, kisha akaongeza mlinganyo mwingine unaogeuza shughuli za neva kuwa ishara ya damu. Kwa mfano wa awali, huandika nadharia kuhusu chakula na nadharia kuhusu moshi, akazijaribu zote mbili kwa pamoja dhidi ya moshi aliouona.

Milinganyo hiyo ina majedwali matatu yanayoitwa kwa herufi. Jedwali A hueleza miunganiko ya msingi baina ya maeneo. Jedwali B hueleza jinsi hali ya jaribio inavyoongeza au kupunguza nguvu ya muunganiko fulani. Jedwali C hueleza mahali ambapo kichocheo cha nje, kama vile picha iliyoonyeshwa, huingia katika mfumo.

Data ambazo wanafunzi wengi wa mbinu hii huanza nazo zilikusanywa na Christian Büchel na Friston na kuchapishwa mwaka 1997. Ni picha 360 za mtu mmoja aliyekuwa akitazama vitone vyeupe. Mara vitone vilisimama, mara vilitembea, na mara aliambiwa aangalie kwa makini iwapo kasi yake inabadilika. (Kasi haikubadilika hata mara moja alipokuwa ndani ya mashine, kilichotakiwa ni umakini wake tu.) Maeneo yanayochunguzwa ni matatu: gamba la msingi la kuona lililo nyuma ya kichwa, eneo la V5 linaloshughulikia mwendo, na eneo la juu la utosi. Swali ni hili: umakini unapoongezeka, je, njia inayopata nguvu ni ile inayopanda kutoka gamba la msingi hadi V5, au ni ile inayorudi kutoka utosini hadi V5? Kila jibu ni modeli yake, na tofauti ya modeli hizo mbili ni mahali ilipo tarakimu moja tu katika jedwali B.

Programu ya SPM, ambayo ndiyo makao ya mbinu hii, humuuliza mtafiti maswali kadhaa kabla ya kuendelea. Kwanza, je, athari ya hali ya jaribio juu ya muunganiko itoke nje moja kwa moja, au iruhusiwe pia kutoka katika eneo jingine la ubongo linalofanya kazi kama mlinzi wa lango? Namna hii ya pili iliongezwa mwaka 2008, na haifai kuteuliwa ila pale nadharia ya mtafiti inapomtaja mlinzi huyo. Pili, je, kila eneo liwakilishwe na kundi moja la seli, au mawili, moja la kuchochea na jingine la kuzuia? Makundi mawili yanakaribia uhalisia zaidi, lakini huleta vigezo vingi ambavyo ishara ya damu, kwa upole wake, huenda isiweze kuvitenganisha. Tatu, je, modeli ikubali misukosuko ya ndani isiyotokana na jaribio? Kwa mtu aliyetulia bila kazi swali hili haliepukiki, kwa kuwa hakuna kichocheo cha nje. Hata hivyo, tangu mwaka 2014 wengi huchanganua data za namna hiyo kwa masafa ya mawimbi yake badala ya kufuata kila sekunde, jambo ambalo limerahisisha hesabu mno.

Swali la nne huonekana dogo kuliko yote, na ndilo linalopotosha wengi. Je, vichocheo viwekwe kuzunguka wastani wake? Tuseme umakini umeandikwa 0 ukiwa haupo na 1 ukiwapo, na kwamba ulikuwapo kwa nusu ya muda. Mtafiti wa kwanza anaacha vichocheo jinsi vilivyo. Anapata kwamba muunganiko wa msingi ni 0.3 na kwamba umakini unauongezea 0.4. Mtafiti wa pili anatoa wastani, hivyo 0 inakuwa kasoro nusu na 1 inakuwa nusu. Kwa data zilezile anapata muunganiko wa msingi wa takriban 0.5. Hawapingani. Kwa wa kwanza, jedwali A linazungumzia ubongo wakati umakini haupo. Kwa wa pili, linazungumzia wastani wa jaribio zima. Lakini wote wawili wataandika katika ripoti zao maneno yaleyale, muunganiko wa msingi, na msomaji atakayezilinganisha atahitimisha kwamba mmoja amekosea.

Kuna zaidi. Mbinu hii huanza kwa kudhani kwamba miunganiko baina ya maeneo iko karibu na sifuri hadi data zithibitishe vinginevyo. Kinachovutwa kuelekea sifuri basi hutegemea maana aliyopewa A. Uteuzi huo haubadilishi tafsiri peke yake. Hugusa makadirio yenyewe.

Kulinganisha Modeli

Modeli zikishajengwa, hulinganishwa kwa kipimo kiitwacho ushahidi wa modeli. Kipimo hicho hutuza modeli inayoeleza data vizuri na huitoza faini modeli yenye vigezo vingi visivyohitajika. Tofauti ya 3 katika logi ya ushahidi huchukuliwa kuwa dhabiti, kwani ni sawa na kusema kwamba modeli moja ina uwezekano wa mara 20 hivi ya nyingine.

Tatizo ni idadi. Maeneo matatu yana njia sita zenye mwelekeo, nazo huzaa modeli 64 kwa kuamua tu ipi iwepo na ipi isiwepo. Maeneo manne huzaa modeli 4,096. Matano huzaa modeli 1,048,576, na hapo jedwali B halijaguswa. Mwaka 2012, Gabriele Lohmann na wenzake walichapisha ukosoaji mkali: mtafiti hulinganisha modeli chache alizozichagua mwenyewe, na ile inayoshinda yaweza kuwa bora kuliko wenzake walio dhaifu bila yenyewe kuwa nzuri. Friston na wenzake wakajibu mwaka 2013, katika makala ambayo hata kichwa chake kilikuwa cha kebehi, wakishikilia kwamba kulinganisha modeli ni kulinganisha nadharia tete, na kwamba hakuna anayedai kuwa modeli iliyoshinda ndiyo kweli yenyewe.

Utetezi huo ni wa haki kwa upande wa nadharia. Kwa upande wa mazoea, Lohmann aligusa donda. Bingwa wa mbio za watu wawili ni bingwa wa watu wawili. Kwa hivyo mtafiti analazimika kutaja modeli zote alizozishindanisha na sababu ya kuzichagua hizo, na kuonyesha pia kiasi cha data ambacho modeli iliyoshinda imeweza kukieleza. Mwongozo wa Klaas Stephan na wenzake wa mwaka 2010 ulikuwa umekwisha kusisitiza umuhimu wa kufafanua uwanja wa modeli kabla ya mashindano.

Uteuzi mwingine hujitokeza pale matokeo ya watu wengi yanapojumlishwa. Njia ya kwanza hudhani kwamba watu wote wana modeli moja, hivyo ushahidi wao hujumlishwa tu. Njia ya pili, iliyofafanuliwa na Stephan na wenzake mwaka 2009, hukubali kwamba watu wanaweza kutofautiana. Katika kundi la watu 12, huenda 11 wakaipendelea modeli ya kwanza kwa tofauti ya 3 kila mmoja, jumla 33, na mmoja akaipendelea ya pili kwa 40. Kwa njia ya kwanza, mtu mmoja amewashinda 11. Kwa kazi za msingi kama kuona, dhana ya modeli moja yaweza kutetewa. Kwa wagonjwa, ambao mara nyingi hata utambuzi wa maradhi yao huficha aina kadhaa, ni vigumu kuitetea.

Wakati wa Kuamua

Mwaka 2020, jarida la Nature lilichapisha matokeo ya jaribio ambalo timu 70 zilipewa data zilezile za watu 108 na nadharia tete zilezile tisa. Hapakuwa na timu mbili zilizofuata hatua sawa kabisa. Kwa nadharia tete tano kati ya hizo, kati ya asilimia 21 na 37 ya timu zilisema zimepata athari, nyingine zote zikasema hazikupata. Jaribio hilo lilihusu maeneo yanayoamka wakati wa kazi, wala halikuhusu miunganiko. Lakini mchanganuzi wa miunganiko ana maswali mengi zaidi ya kujibu, na hivyo nafasi nyingi zaidi za kutofautiana na mwenzake.

Hatari iliyopo ni ya mpangilio kuteuliwa baada ya jibu kuonekana. Mtafiti anayejaribu mipaka minne ya mtikisiko akaripoti ule uliompa matokeo anayoyatamani hajabuni data, ila ameacha data zichague swali. Kinga yake ni ya kazi wala si ya maneno. Mtafiti anaweza kutengeneza data bandia ambazo jibu lake linajulikana, akaona iwapo mipangilio yake italirejesha jibu hilo. Anaweza kuiamua mipangilio kwa kutumia data za watu ambao hawatahesabiwa katika matokeo ya mwisho. Anaweza kuiandika na kuisajili kabla ya mgonjwa wa kwanza kulazwa ndani ya mashine. Na pale mipangilio miwili inapotetewa kwa hoja zenye uzito sawa, huifanya yote na kuripoti yote, kama vile mhariri mwangalifu wa muswada anavyoweka usomaji wa pili chini ya ukurasa.

Faili ambayo SPM huihifadhi baada ya kukadiria modeli hubeba ndani yake majibu yote ya maswali yaliyotajwa hapo juu, likiwamo lile la vichocheo kuwekwa au kutowekwa kuzunguka wastani. Makala yanayochapishwa mara nyingi hayana majibu hayo. Baadhi ya watafiti siku hizi huziweka faili hizo mahali pa wazi pamoja na makala yao, na anayetaka kubadilisha ndiyo iwe la, aone namba zitasogea kiasi gani, anaweza kufanya hivyo jioni moja.